Wanaojitolea katika Maktaba ya Vifaa ya Edinburgh

Maktaba ya vifaa vya kazi ya Edinburgh, Uskoti, ilianza mwaka 2015 na hutegemea sana watu wa kujitolea. Mwanachama huazima keekee au msumeno kama aazimavyo kitabu, kisha hurudisha. Kazi inayostahili pongezi zaidi hufuata hapo, tena mbali na macho ya waazimaji: kifaa hufutwa vumbi, waya wa umeme hukaguliwa usiwe umechubuka, patasi hunolewa. Kunoa si urembo; patasi butu ni ya hatari kuliko kali, maana husukumwa kwa nguvu, ikateleza na kujeruhi. Asiyezoea vifaa huonyeshwa namna ya kuvishika, na huambiwa mapema kipi hakiifai kazi yake.