Kabla ya Kugusa Taipureta

Juzi nilikuwa katika saiba moja mjini Embu nikingoja kutoa nakala. Mbele yangu alisimama binti mwenye bahasha ya kaki, vyeti vyake vimenyooka kana kwamba vimepigwa pasi. Alitaka sivii. Kijana wa kompyuta hakumwuliza hata neno. Alifungua faili ya mteja wa jana, akafuta jina, akaandika la binti, akabadilisha shule na gredi ya KCSE. Mteja wa jana alipenda voliboli na kusafiri. Binti naye, bila habari, akawa mpenzi wa voliboli na safari.

Nikamkumbuka mzee mmoja wa Meru, miaka ya 1990, aliyeweka meza na taipureta kwenye baraza ya duka. Alichapa mikataba ya mashamba, barua za kwa chifu na maombi ya kazi. Baba alinipeleka kwake nilipomaliza kidato cha nne. Nilidhani angeanza kuchapa papo hapo. Badala yake aliisukuma mashine kando, akapasua bahasha kuukuu na kuitandaza, akatoa penseli sikioni.

"Umefanya nini, kijana?"

"Bado, mzee. Nimemaliza shule tu."

"Likizo zote ulikuwa umelala?"

Nikamwambia kwamba msimu wa kahawa, Oktoba hadi Desemba, nilikuwa nikimsaidia karani wa kiwanda cha ushirika kijijini: mimi nasoma mizani, yeye anaandika. Akaanza kunichimba. Wakulima wangapi kwa siku? Mkulima akibisha kilo zake, nani alimjibu? Jioni nani alijumlisha daftari? Kila jibu alilitia namba, kisha akazihamisha namba hizo kwa mishale. Ya nne, ile ya mizani, ikapanda juu kabisa. Shule, niliyodhani ndiyo mali yangu yote, ikakaa katikati. Siku ya kuzaliwa, kata na tarafa vikashuka mkiani.

"Msomaji ataanza kuchoka hapa," alisema, akigonga penseli katikati ya karatasi. "Mizani yako ikae juu ya hapa."

Nilipotaja kwamba napenda kusafiri, alinitazama juu ya miwani. "Umefika wapi?" Nikasema Chuka. Akapiga mstari.

Ndipo akaingiza karatasi mbili zenye kaboni katikati. Taipureta haikuwa na huruma: ukisahau jambo la mstari wa tatu, ukurasa mzima unarudiwa, na karatasi ni pesa. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa imeshakwisha kwenye ile bahasha. Vidole vilikuja kunakili tu. Kompyuta imetuondolea hofu ya kukosea, na naona hofu hiyo ilipoondoka iliondoka na penseli.

Enzi hizo Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na barua nyingi zilikuwa zikielekea huko. Tangu 2013 kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma, na bahasha zimenenepa. Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya ya 2010 ilidai uadilifu, nasi tukaitafsiri kuwa makaratasi: hati ya KRA ya kodi, ya HELB ya mkopo wa elimu, ya EACC ya mambo ya ufisadi, cheti cha tabia njema. Watu hupanga foleni Huduma Centre kutwa nzima kuyatafuta hayo. Ukurasa unaomhusu mwombaji mwenyewe hupewa dakika tano.

Pale saiba nilishindwa kunyamaza, nikamwuliza binti. "Mwanangu, tangu umalize shule umekuwa ukifanya nini?"

"Hakuna, baba." Akafikiri kidogo. "Nilikuwa kwa shangazi Mbeere tu, namwandikia hesabu za muguka. Nani amechuma kiasi gani, nani amelipwa, gari limebeba nini. Miaka miwili."

Nikamgeukia kijana wa kompyuta. Mashine ya kuchapisha ilikuwa tayari inanguruma.

"Imeshatoka, mzee," akasema. "Nakala ngapi?"