Mcheza kwao hutunzwa, lakini mwenyeji wa ngoma ni nani?

Matangazo ya matamasha ya muziki wa kiasili siku hizi yana mtindo mmoja. Juu kuna jina la tamasha, katikati picha ya mwimbaji aliyekumbatia gitaa, na chini maneno ya aina hii: mwenyeji wenu ni fulani, ambaye pia atatumbuiza. Neno linalonishughulisha wiki hii ni lile dogo, "pia". Anayeliandika anaamini kwamba kukaribisha watu na kuwaimbia ni kazi mbili tofauti, na kwamba mtunzi huyu amejitwika ya pili kama nyongeza. Katika ukumbi wa hoteli jijini Nairobi huenda ni hivyo. Katika Kitui na Makueni sivyo, na kutofahamu tofauti hiyo kumeanza kuugharimu muziki wa sehemu hizo.

Hebu tuyachungue maneno yenyewe kwanza. "Tamasha" asili yake ni mbali. Limepitia Uajemi na Bara Hindi, na huko maana yake iliyozoeleka ni kitu cha kutazamwa. "Ngoma" ni la Kibantu, nalo halimjui mtazamaji. Kwa neno hilo moja Mswahili hutaja ala, wimbo, uchezaji na mkusanyiko mzima wa watu. Akikwambia leo kuna ngoma kwa fulani, hakwambii habari za viti. Kikamba nacho kina "wathi", wingi wake "mbathi", ambalo ni wimbo na ni uchezaji kwa pamoja. Kwa hiyo tunaposema "tamasha la ngoma" tumeyafungia chumba kimoja maneno mawili yasiyopatana: moja linakuambia keti utazame, la pili linakuambia inuka.

"Kutumbuiza" nako kuna vituko vyake. Tumbuizo, kama mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi ajuavyo, ni wimbo wa kutuliza na kuliwaza, hata wa kumlaza mtu usingizi. Leo kila msanii "anatumbuiza", hata yule anayepasua vipaza sauti. (Wapo wachache wanaolitendea neno hilo haki kamili, hasa saa nane mchana penye jua la Wote, lakini sidhani kama ndilo lengo lao.)

Tuje sasa kwa "mwenyeji". Neno hili huelezwa kuwa limetokana na "mwenye mji", na "mji" ni ndugu wa damu wa neno la Kikamba "musyi", yaani nyumbani, ambalo hata wasiojua Kikamba wamelisikia kwa sababu ya kituo cha redio cha Musyi FM. Mwenyeji basi si mtu wa kushika kipaza sauti na kutaja anayefuata. Ni mwenye nyumba. Ndiye ajuaye nani ameketi wapi, nani hajala, na nani asiwekwe karibu na nani. Kutokana na shina hilohilo tumepata "kienyeji", neno lililopitia maisha magumu kweli. Kwa miaka mingi kufanya jambo kienyeji kulimaanisha kulifanya ovyo. Kisha watu wa mjini wakaonja kuku, na leo kuku wa kienyeji anauzwa ghali kuliko yule wa gredi. Muziki wa kienyeji haujapata bahati ya kuku. Tumeubadilisha jina tu, tukauita "wa kiasili".

Wakamba wana neno lao kwa mtu ninayemzungumzia: "ngui". Ngui hutunga na huongoza wimbo, wengine wakamwitikia. Zamani kila utui, yaani mtaa au ujirani, ulikuwa na kiwanja chake cha ngoma, kama ulivyokuwa na baraza lake la wazee. Ngui alisimama mbele ya watu waliomjua yeye, mamake na madeni yake. Alianzisha wimbo, akausikiliza ukirudi kutoka kwa waitikiaji, akaongeza ubeti kulingana na aliyemwona akiingia, akaupunguza iwapo wachezaji walichoka. Kualika, kuimba, kupima hali ya watu na kuwakosoa vilikuwa kitendo kimoja. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba ni mwenyeji na "pia" ataimba.

Na si kuburudisha tu. Nyimbo za myali zilikuwa mahakama ya aina yake. Aliyewadhulumu wenziwe, aliyekuwa mvivu au mchoyo au mzinzi, aliweza kujikuta ndani ya wimbo, na wimbo ukishatoka kiwanjani hakuna rufaa. Ukali huo uliwezekana kwa sababu mtunzi alikuwa kwao. Hakuna aliyemlipia nauli wala kumpangia hoteli. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo wahenga, na kutunzwa huko ni zile zawadi za papo kwa papo anazopewa mchezaji na watu wake. Sisi walimu tumezoea kuifafanua methali hii kama wito wa mtu kuthamini kwao. Mimi naisoma pia kama maelezo ya kiuchumi: anayetunzwa na wengi kidogo kidogo hamwogopi mmoja.

Hapa ndipo penye tatizo la leo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa magatuzi wajibu wa shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Tangu 2013 serikali za kaunti, za Kitui na Makueni zikiwemo, ndizo zenye kiwanja, jukwaa, hema na bajeti. Sina ugomvi na jambo hilo, maana bila fedha hizo vikundi vingi vya akina mama wa kilumi, ile ngoma ya kuombea mvua na kuponya wagonjwa, visingetoka vijijini mwao. Lakini mwenye hema ndiye mwenyeji hasa, liandikwe lolote kwenye tangazo. Mtunzi aliyekabidhiwa kipaza sauti katika sherehe kama hiyo ni mgeni aliyevishwa kanzu ya mwenyeji. Je, anaweza kuimba mwali unaomhusu aliyeketi kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa? Katika hafla rasmi ninazozifahamu, wimbo hugeuka kuwa risala. Unamtaja kiongozi, unamshukuru kwa barabara na kwa maji (hata pale ambapo maji hayajafika), kisha kikundi kinapungiwa mkono kishuke.

Kuna jambo lingine ambalo wahakiki wa muziki hawalitilii maanani vya kutosha. Yeyote aliyekesha na bendi ya benga ya Kikamba anajua kwamba mwimbaji husimamisha masimulizi ya wimbo, gitaa likiendelea kunung'unika chini, akaanza kutaja majina: fulani wa soko fulani, mwenye duka, mwenye matatu, rafiki wa bendi. Watu wengi hulichukulia hilo kama tangazo la biashara, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Aliyetajwa ametoa kitu au atatoa. Linganisha na myali. Katika myali jina lako likitajwa umeadhibiwa. Katika benga jina lako likitajwa umelipia. Mbinu ni ileile ya ngui, ya kumtazama mtu na kumtia ndani ya wimbo, ila imepinduliwa kichwa chini. Nawasikia wasomi wenzangu wakisema huo ni uozo. Sikubaliani nao kabisa. Mwimbaji anayejua majina arobaini ya watu waliomkalia mbele, na vijiji vyao, bado ana nusu ya kazi ya mwenyeji mkononi. Kilichopotea ni ile nusu ya pili, ujasiri wa kulitaja jina ambalo halijalipa.

Shule nazo zina mchango wao. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya kazi kubwa ya kuzihifadhi nyimbo za jamii zetu, na kama si walimu wa muziki wa Kitui na Makueni nadhani mbathi nyingi zingekwisha kuzikwa na wazee wetu. Lakini mle ndani kuna saa na kuna mwamuzi mwenye karatasi ya alama. Mwanafunzi anayeongoza wimbo amekaririshwa kila neno. Akibuni ubeti papo hapo kwa kuwa amemwona mwamuzi anasinzia, mwalimu wake atapata presha. Tunafundisha sauti ya ngui bila akili ya ngui. Ndiyo maana kijana akitoka huko na kuanza kuandaa hafla zake mwenyewe, anajua kuimba vizuri sana na hajui kukaribisha. Hapo ndipo unapomsikia akiueleza kwa Kiingereza wimbo wa Kikamba mbele ya Wakamba, eti ndiyo heshima ya jukwaa.

Ukitaka kuona njia nyingine, inakubidi uvuke mpaka hadi Dodoma, nchi kame kama Kitui, ambako watu nao wameimba sana kuhusu mvua. Katika kijiji cha Nzali wilayani Chamwino, Kedmon Mapana, mwanamuziki wa Kigogo na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alianzisha mwaka 2009 tamasha la muziki wa Wagogo. Ninachokipenda katika mfano huo ni mahali. Hakuwachukua wanawake wa muheme na ngoma zao kuwapeleka kwa watazamaji. Aliwaita watazamaji waje kijijini. Anayetoka mbali ndiye mgeni, naye asiyejua kuitikia ndiye anayeonekana kichekesho. Mapana mwenyewe ni mwimbaji na mpigaji, na akisimama mbele ya watu wa Nzali hana haja ya kujieleza yeye ni nani. Baadaye alishika wadhifa wa Katibu Mtendaji wa BASATA, baraza linalosimamia sanaa nchini Tanzania, na mtu anaweza kuuliza kama ngui akishakuwa ofisa wa serikali bado ni ngui. Swali hilo ni la haki, na ni lilelile nililolileta hapo juu kuhusu magatuzi. Lakini kiwanja kilibaki Nzali.

Nairobi pia kuna mfano, ingawa si wa muziki wa kijijini. Muthoni Ndonga, ajulikanaye kama Muthoni Drummer Queen, alianzisha Blankets and Wine mwaka 2008. Hakungoja kualikwa. Alitandika mkeka wake mwenyewe na kuwaita wenzake. Watu wa Kitui na Makueni hawahitaji mvinyo wala blanketi, ila ile hatua ya mwimbaji kuwa mwenye kiwanja inafaa kuigwa.

Na tusimsahau Kakai Kilonzo. Alizaliwa 1954 na kufariki 1987, akiwa bado kijana, na bendi yake ya Kilimambogo Brothers ilisikika mbali sana nje ya Ukambani. Sababu moja inajulikana: aliimba mara nyingi kwa Kiswahili, cha mashambani na mitaani, si cha vitabu vyetu vya sarufi. Wapo waliomlaumu mwanamuziki wa aina hiyo kwa kuitupa lugha ya mama. Mimi naona alichofanya ni ukarimu. Gitaa lilibaki la Kikamba, mapigo yalibaki ya Kikamba, na hata Kiswahili chenyewe kilitembea kwa mwendo wa Kikamba. Alifungua mlango tu ili Mluhya na Mtaita waingie bila kubisha. Mwenyeji hasemi na mgeni kwa lugha asiyoielewa, lakini pia hahami nyumba yake kwa sababu mgeni amefika. Watunzi wetu wa sasa wanaochanganya Kikamba, Kiswahili na Sheng' katika ubeti mmoja wangefaidika wakimsikiliza upya, wasikilize hasa anapobadilisha lugha na kwa ajili ya nani.

Najua nitaulizwa: basi tumwite nani huyu anayeimba na kukaribisha? "Msanii" limechoka. Limebeba waigizaji, wachoraji na wachekeshaji, na mitaani "usanii" umekuwa jina la utapeli. "Mshereheshaji" ni wa harusi. "Mfawidhi" linatumika sana hapa Kenya kwa mwendeshaji wa hafla, lakini asili yake ni mtu aliyekabidhiwa madaraka na mwingine, ndiyo maana Tanzania wana hakimu mfawidhi na mganga mfawidhi. Ukimwita mtunzi mfawidhi umekiri kwamba hema si lake. "Malenga" lilikuwa la kiongozi wa waimbaji kabla hatujaligawa bure kwa kila anayetuma shairi gazetini. Limebaki "manju", neno zuri la mtunzi na kiongozi wa ngoma ambalo wenzetu wa Tanzania bado wanalitumia na sisi tumelitupa kabatini. Wahariri wa matangazo ya Kitui na Makueni wakiona gumu, wana "ngui" tayari, herufi nne tu, na wasomaji wao hawatahitaji kamusi. Wakiandika hivyo watafute pia mahali pa kulifuta lile neno "pia".