Usisifu Kiraka Kabla ya Kukigonga

Pale Kapolowe niliwakuta watu wameizunguka boti ya faiba iliyokuwa imetobolewa na jiwe katika ziwa Tshangalele. Walikuwa wakimsifu fundi kwa sababu tundu halionekani tena na rangi inang'aa. Nikapagonga kwa mpini wa bisibisi. Faiba nzima ya pembeni ikajibu ta, ta. Kwenye kiraka ikajibu pu. Ndani mlikuwa na mastiki ya magari. Kazi kama hiyo inaniudhi, na sifa zake zinaniudhi zaidi, maana vijana wanaojifunza ufundi walikuwa wamesimama palepale wakisikiliza.

Mji wetu wa Likasi, hapa Kongo, una mafundi hodari wa bodi za magari, nami sina neno nao kwenye magari. Lakini mastiki yao imejaa unga wa talki na inakunywa maji. Kwenye mlango wa gari itakaa miaka. Chini ya mstari wa maji italowa, itavimba na kuachia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo asiyejua kazi halioni kamwe: upana wa mteremko. Watu hupenda kiraka kidogo, wanadhani fundi aliyegusa sehemu ndogo ndiye mwenye mkono mwepesi. Mimi kiraka kidogo nakitilia shaka mara moja. Rezini mpya haichanganyiki tena na ile iliyokwisha kukauka kiwandani. Inashika kwa kunata tu, na kunata kunataka eneo. Kwa hiyo kingo za tundu husagwa zikalala, kila milimita 1 ya unene ipate milimita 12 za mteremko. Boti yenye unene wa milimita 6 inadai milimita 72 kila upande, na tundu la sentimita 10 linazaa kiraka cha karibu sentimita 25. Mwenye boti akiona diski ya kusagia inakula faiba nzima kiasi hicho hupiga kelele, na fundi mwoga humsikiliza, akaacha ukingo umesimama wima. Ukingo wima ndipo ufa utakapoanzia, hata kama ndani yake umejaza faiba bora kuliko zote.

Katika kupanga mikeka ya nyuzi za faiba, kipande kikubwa kinatangulia, vidogo vinafuata. Wapo wanaoanza na kidogo, nao wana hoja zao. Mimi kazi yao siipokei. Kikubwa kikitangulia kinaushika mteremko wote kwa pigo moja, na msasa wa mwisho haukati nyuzi zinazobeba mzigo.

Nilimjua mzee mmoja wa mtaa wa Panda, Likasi, aliyefunzwa katika karakana za huko, zama ambazo kampuni ya migodi ya Gécamines ilikuwa bado Gécamines. Kigumishi cha rezini alikipima kwa mizani, asilimia 1 hadi 2, hata kama mteja amesimama anaangalia saa. Na hakupaka rangi kabla mwenye boti hajarudi jioni. Giza likiingia aliweka taa ndani ya boti, akamwita mtu nje atazame. Faiba isiyopakwa rangi hupitisha mwanga: palipolowa rezini vizuri panawaka rangi ya asali, sawasawa kote, palipobaki hewa panaonyesha madoa meupe. Akiona doa moja lenye ukubwa wa kucha, alilichimba mbele ya mteja na kurudia. Fundi anayepaka rangi jioni ileile ana jambo la kuficha, nami sihitaji ushahidi mwingine.

Siku hizi kigumishi kinapimwa kwa kizibo cha chupa. Niliwahi kumwona mmoja, mwezi wa Julai, akitia vizibo vinne kwenye kopo dogo kwa sababu rezini ilikataa kushika. Ilishika kweli, kopo likafuka moshi mkononi, na kiraka kikatoka kikavu, cha kuvunjika. Usiku wa Juni na Julai joto hapa Likasi hushuka hadi karibu nyuzi 10, na rezini ya polyester inataka 15 kwenda juu. Masika nako mikeka inavuta unyevu hata ukiifungia ndani. Kazi ya boti ni ya Septemba na Oktoba. Aliyetobolewa boti Mei aitoe majini, aioshe, aiache ikauke kivulini ikingoja joto.

Nje ya boti mimi hupatazama mwisho kabisa. Kwanza naingia ndani, napapasa nyuma ya kiraka: pawe pamesagwa, pamewekewa mkeka wa pili uliopita tundu, na ncha za nyuzi zisichome kidole. Nikikuta nako ndani pamepakwa rangi mpya, mahali ambapo hakuna macho ya mteja yanayofika, naomba msasa na ruhusa ya kukwangua kipande kidogo. Fundi wa kweli hunipa mwenyewe.