Kanisa Zima kwenye Bamba la Alumini

Kwenye Church Street mjini Nashville, Tennessee, lipo kanisa la Kipresbiteri ambalo mgeni anaweza kulidhania hekalu la Farao. Msanifu wake, William Strickland, ndiye pia aliyechora jengo la Bunge la jimbo hilo. Kanisa la awali liliteketea mwaka 1848. Hili likajengwa kati ya 1849 na 1851 kwa mtindo wa Misri ya kale, na ndani yake kuna nguzo za rangi kali na jua lenye mabawa. Jengo la namna hii ni mtihani kwa mafundi wa vibao vya historia, vile vya alumini vinavyosimama kando ya barabara za Marekani.

Karakana ya Sewah Studios huko Marietta, Ohio, imekuwa ikitengeneza vibao hivyo tangu miaka ya 1920. (Mwanzilishi aliitwa Hawes, soma jina hilo kinyumenyume.) Kazi huanzia kwenye kielelezo, ambako herufi hupangwa kwa mkono. Ubavu wa kila herufi umelazwa kidogo, chini pana na juu nyembamba. Ungekuwa wima kabisa, mchanga ungemeguka pale kielelezo kinapoinuliwa.

Mchanga hushindiliwa juu yake hadi ushikamane, kisha kielelezo hutolewa bila kutikiswa. Hapo ndipo ninapompenda zaidi fundi huyu. Maneno yote sasa ni mashimo, tena yamegeuka kama kwenye kioo, na mguso mmoja wa kizembe unaweza kulifuta jina la mtu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Humiminwa ikiwa na joto zaidi ya hapo, bila kusita, maana ikiganda njiani huacha mshono. Inapopoa husinyaa kwa asilimia moja na kidogo, hivyo kielelezo hutengenezwa kikubwa kuliko kibao kinachotakiwa. Kisha ni msasa, rangi ya bamba zima, na mwishowe rola inayopita juu ya vichwa vya herufi tu. Herufi moja ikizidi kimo, rola huisaliti papo hapo.

Mwandishi wa maneno naye hana nafasi ya kupiga porojo. Kanisa hili lina mengi ya kugombania mistari michache: James K. Polk aliapishwa kuwa gavana mwaka 1839 katika jengo lile lililoungua. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe jeshi la Muungano liliwalaza majeruhi katika hili la sasa. Mwaka 1955 waumini wengi walihamia nje ya katikati ya mji, waliobaki wakaunda ushirika mpya. Strickland hatolewi, wala Misri. Vivumishi ndivyo vinavyokatwa kwanza, na sivililii.

Ningepewa mistari minne ya ziada, ningeitumia kwa kengele ya kanisa hili. Ilitolewa mwaka 1867 na Adelicia Acklen, mmoja wa wanawake matajiri kuliko wote Tennessee. Sehemu kubwa ya utajiri huo aliirithi kwa mumewe wa kwanza, Isaac Franklin, aliyekuwa mfanyabiashara wa watumwa. Jina la Franklin lina herufi nane tu.