Sundborn: rangi na nguo zilivyopatanisha samani kuukuu

Anayetaka nyumba yenye sura ya mashambani kwa kawaida huanza kwa kununua vitu vya zamani. Hutafuta kabati lenye bawaba za chuma, meza iliyochubuka, kiti cha bibi cha kubembea. Akishavipanga sebuleni anashangaa mbona havielewani. Kila kimoja ni kizuri kikitazamwa peke yake, ila vikiwa pamoja kila kimoja kinavutia upande wake. Uzee wa kitu, kwa maoni yangu, hauunganishi chochote. Kinachounganisha ni maamuzi yanayofanywa baada ya kitu kuingia ndani, na hakuna nyumba inayoyaonyesha maamuzi hayo waziwazi kuliko Lilla Hyttnäs, iliyoko kijiji cha Sundborn, mkoa wa Dalarna nchini Uswidi.

Mwaka 1888 mfanyabiashara Adolf Bergöö alimpa binti yake Karin na mkwewe Carl Larsson nyumba hiyo ndogo ya mbao. Wote wawili walikuwa wachoraji. Walikutana Grez-sur-Loing, kijiji cha Ufaransa walikokusanyika wasanii wa nchi za kaskazini, wakaoana mwaka 1883. Carl alikulia katika umaskini mkubwa mjini Stockholm, na mwanzoni fedha za kununua samani mpya hazikuwepo. Mwanzo nyumba ilikuwa ya likizo, wakawa wanaiongezea chumba hapa na chumba pale, na kufikia 1901 walihamia moja kwa moja pamoja na watoto wao.

Samani walizozipata zilikuwa za watu waliozichoka. Miaka ya 1880 watu wa mjini wenye uwezo walipenda mbao nyeusi nzito, makochi yaliyojazwa mpaka yakavimba, na mapazia ya mahameli yanayoziba nusu ya dirisha. Viti vyepesi vya enzi ya Mfalme Gustav III, aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792, vilionekana vimepitwa na wakati: miguu iliyonyooka, migongo myembamba, mapambo machache. Ndivyo Carl na Karin walivyovipokea, pamoja na makabati ya wakulima na mabenchi ya mbao. Wala hawakuviwekea heshima ya makumbusho. Walivipaka rangi.

Tuanzie nje, maana huko ndiko mantiki ya nyumba nzima inakoonekana. Nyumba nyingi za Dalarna ni nyekundu kwa sababu ya mgodi wa shaba wa Falun, ulio kilomita chache kutoka Sundborn. Mgodi huo ulichimbwa kwa takriban miaka 1000 mpaka ulipofungwa mwaka 1992, na mabaki yake yana chuma kingi. Yakioshwa na kuchomwa, chuma hicho huwa unga mwekundu. Rangi inayotokana nao hupikwa. Kwa lita 50 za maji huhitajika takriban kilo 2 za salfeti ya chuma, kilo 2 na kitu za unga wa rai, ile nafaka ya nchi za baridi, kilo 8 hivi za unga mwekundu, na lita chache za mafuta ya kitani. Maji yakichemka salfeti inayeyushwa, unga wa nafaka unakorogwa taratibu usifanye madonge, unaachwa uive, ndipo unga mwekundu na mafuta vinafuata. Aliyewahi kukoroga sufuria ya uji anaifahamu kazi hiyo tayari.

Kila kiungo kina kazi yake. Wanga wa nafaka ndio gundi, mafuta huishika rangi isipukutike upesi, salfeti hupunguza kuvu. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mchanganyiko huu haufanyi ngozi juu ya mbao. Unyevu ukiingia unatoka, na mbao inakauka. Rangi ya kisasa yenye ngozi ya plastiki ikipasuka mahali pamoja hunasa maji chini yake, na mbao inaoza huku juu inang'aa. Hii nyekundu yenyewe huchakaa kwa kugeuka vumbi polepole. Ukitaka kurudia unapiga brashi kavu, unapaka tena, bila kukwangua. Hushika vizuri zaidi kwenye mbao iliyopasuliwa kwa msumeno na kuachwa na ukali wake, kwa hiyo fundi hana haja hata ya kupitisha randa. Ni rangi ya bei nafuu iliyotokana na taka za mgodi, na bado mimi sijaona nyingine inayoikaribia kwa jinsi inavyozeeka.

Ndani ilihitajika rangi ya aina nyingine, inayostahimili mikono ya watoto na kitambaa chenye maji. Rangi ya samani ya enzi hiyo ilisagwa katika mafuta ya kitani, na haikauki kwa maji kuruka. Mafuta yanavuta oksijeni ya hewani na kuganda, jambo linalochukua siku kadhaa kwa kila mkono. Ndiyo maana hupakwa nyembamba sana, mkono juu ya mkono, ukiusukuma kwa brashi ngumu. Anayeharakisha akapaka nene hupata makunyanzi juu na ulaini chini. Baada ya miaka rangi hiyo hupauka, na hufufuliwa kwa kupangusiwa mafuta mepesi. Tahadhari moja si ya kupuuza: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe yakirundikwa, na yanaweza kuwaka. Yatandazwe nje yakauke, au yatiwe kwenye ndoo ya maji.

Kabla ya rangi kuna mifupa ya kiti. Viti vya karne ya 18 viliunganishwa kwa ncha ya mbao kuingia kwenye tundu la mbao nyingine, na gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu. Kiti kinachoyumba kinaweza kufunguliwa bila kuvunjwa, kikasafishwa viungo, kikagundishwa upya na kukazwa kwa kamba mpaka kikauke. Gundi za kisasa hazikubali hivyo. Ukikosea leo, fundi wa kesho atalazimika kukata. Na anayekwangua rangi ya zamani ya Ulaya ajue kwamba nyeupe yake mara nyingi ilikuwa na risasi, ambayo ni sumu. Msasa mkavu uachwe kabisa. Kulowesha kwanza, kisha kukusanya uchafu wote, ndiyo njia ya mtu anayejali mapafu yake na ya watoto wake.

Mpaka hapa tumezungumzia ufundi ambao seremala yeyote mzuri angeuweza. Upekee wa Sundborn uko kwenye uchaguzi wa rangi zenyewe. Chumba cha kulia kinatawaliwa na kijani na nyekundu, rangi mbili zinazopambana, na ushindani wao ndio unaokichangamsha. Sebule imefuata njia ya kinyume: nyeupe, buluu hafifu, viti vya enzi ya Gustav vilivyovikwa makava ya mistari ya buluu na nyeupe. Chumba kimoja, rangi mbili au tatu, basi. Benchi la mkulima na kiti cha tabaka la juu vikipakwa kutoka kopo moja, tofauti ya asili yao inanyamaza na maumbo yao ndiyo yanayobaki kuzungumza. Jicho linaona chumba kwanza, samani baadaye.

Makava yale ya mistari yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ni ya kuvuliwa na kufuliwa. Chini yake kitambaa cha kiti kinaweza kuwa kimechanika au kuwa cha rangi isiyofaa, na haidhuru. Kwa mita chache za pamba umelinganisha viti ambavyo havikutoka seti moja. Ni ukarabati wa bei ndogo kuliko wote, na mtu akikosea anafumua na kushona upya.

Hapo tunaingia katika kazi ya Karin, na hapa nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu kwa miaka mingi nyumba hii ilitajwa kwa jina la mumewe peke yake. Karin alisomea uchoraji katika chuo cha kifalme cha sanaa mjini Stockholm. Baada ya ndoa na watoto aliiacha turubai, lakini jicho la mchoraji hakuliacha. Alilihamishia kwenye nyuzi. Alifuma, alidarizi, alichora samani ambazo mafundi wa kijijini walizitengeneza. Juu ya benchi la chumba cha kulia aliweka kazi yake ya mwaka 1903 inayoonyesha elementi nne, yaani ardhi, maji, hewa na moto, katika maumbo yaliyorahisishwa kwa ujasiri ambao wachoraji wengi wa wakati wake hawakuwa nao. Kati ya chumba alicholala Carl na kile alicholala yeye na watoto, alitundika pazia alilolifuma mwenyewe.

Kwa macho ya kiufundi, nguo zake zinafanya kazi ambayo rangi haiwezi. Rangi inatuliza, nguo inarudisha msisimko pale inapohitajika: sehemu moja yenye muundo mzito, kuta zilizobaki zikiwa kimya. Sakafuni kuna mazulia ya vitambaa chakavu, mtande ukiwa wa uzi imara na mshindio ukiwa mikanda ya nguo zilizokatwa. Madirisha hayakuzibwa. Desemba eneo la Falun hupata mwanga wa jua kwa chini ya saa sita kwa siku, na pazia zito lingekuwa uonevu. Mimea kwenye kizingiti cha dirisha inatosha.

Dunia iliijua nyumba hii kupitia picha za rangi za maji ambazo Carl alianza kuzichora katika kiangazi cha mvua, Karin alipomshauri achore vyumba badala ya kukaa bure. Picha 24 zilitoka katika kitabu Ett hem mwaka 1899. Ni picha nzuri mno, na uzuri huo una hatari kwa mchambuzi: Carl anazungushia kila kitu mstari safi, hivyo hata mparaganyo wa watoto unaonekana umepangwa. Heri vyumba vyenyewe bado vipo, chini ya uangalizi wa wajukuu na vitukuu, na wageni huingia kuvitazama. Mwaka 1997 makumbusho ya Victoria and Albert, London, yaliandaa maonyesho yaliyowataja Carl na Karin kwa pamoja. Hiyo ndiyo haki niliyokuwa nikiitamani.

Je, njia hii inafaa kwetu? Kwa sehemu. Ile rangi nyekundu haikutengenezwa kwa ajili ya mchwa, na mafuta ya kitani kwenye joto na unyevu wa pwani hulisha kuvu, kwa hiyo mapishi hayo yabaki kwao. Tena wao walipaka rangi kwa sababu mbao yao kubwa ni msonobari, wenye vifundo vingi na sura isiyo ya ajabu. Paini ya Sao Hill, lile shamba la miti la Tanzania, ni ndugu yake na inastahili rangi. Mninga na mvule ni habari nyingine; kuufunika mninga wa zamani kwa rangi ya kopo ni kuupoteza, na wanaofuata mtindo wa picha za Ulaya bila kuuliza mbao ni ipi wameharibu samani nzuri nyingi. Ningekuwa na kabati la paini na kiti cha mninga ndani ya chumba kimoja, ningelipaka kabati, kiti ningekisugua kwa nta, kisha ningetafuta kitambaa kimoja cha pamba chenye rangi ya kabati na kahawia ya mninga kwa pamoja, nikishonee kiti kava la kufuliwa.