Ini na Jirani Yake

"Mwaitu, lalia ubavu wa kushoto. Mkono wa kulia uweke juu ya kichwa."

Mama, ndiye mwaitu kwa Kikamba, anageuka taratibu. Hajala tangu jana usiku, maana aliambiwa aje na tumbo tupu, na amefika Machakos mjini kwa matatu ya alfajiri. Kijana wa altrasaundi anamimina jeli, anamwomba radhi kwa ubaridi wake, kisha anaipachika probu katikati ya mbavu mbili. Haikandamizi. Anasubiri pumzi. "Vuta. Shika hapo hapo." Ini linateremka kutoka mafichoni, na kwenye kioo vinatokea viungo viwili vilivyopakana: ini na figo ya kulia.

Mimi nilikuwa nikitazama ini. Yeye alikuwa akitazama figo.

Nilikawia kuelewa kwa nini. Ini lenye afya na gamba la figo hung'aa karibu sawa, ini likizidi kidogo tu. Mafuta yakijaa ndani ya seli, vitone vyake huyatawanya mawimbi ya sauti, mengi yakarudi kwenye probu, na ini likawa jeupe. Lakini jeupe kuliko nini? Mashine ina vitelezi vya kuongeza na kupunguza mwangaza, na mtu mwenye haraka anaweza kumtia mafuta mgonjwa yeyote kwa kidole kimoja. Kwa hiyo fundi hutafuta shahidi ndani ya mwili ule ule, chini ya mwangaza ule ule. Hata kina lazima kilingane, kwa sababu sauti hupungua nguvu kadiri inavyozama. Ukipima ini la juujuu kwa figo iliyo mbali, umejidanganya. Na shahidi naye huchunguzwa. Figo iliyougua kwa miaka hung'aa yenyewe, ikalifanya ini lenye mafuta lionekane la kawaida. Hapo kijana huhamia upande wa kushoto na kuiuliza bandama.

Daraja za mafuta hutajwa kwa namba, 1 hadi 3, ila yeye huzisoma kwa vitu vinavyopotea. Kwanza weupe unazidi ule wa figo, basi. Halafu kuta za mishipa midogo ya ini, ambazo huonekana kama mistari miwili iliyochorwa kwa chaki, zinaanza kufifia. Mwisho hata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ule upinde mweupe ulio nyuma kabisa, humezwa na giza. Mafuta yakiwa machache, tuseme chini ya seli moja kwa kila tano, jicho linaweza lisiyaone kabisa, na fundi mwaminifu hawezi kuandika kwamba hayapo. Huandika kwamba hayakuonekana.

Kama yangekuwa mafuta peke yake, kazi ingekuwa nyepesi. Mama huyu ana homa ya ini aina ya B, ile sugu, inayokaa mwilini zaidi ya miezi 6 na mara nyingi maisha yote. Anameza tenofovir na virusi vimetulia, lakini vipimo vya damu bado vinaonyesha ini linalalamika. Daktari anataka kujua nani anamsumbua sasa. Dawa huvibana virusi, mafuta haiyagusi. Tatizo ni kwamba kovu la virusi nalo hulifanya ini ling'ae.

Hapa ndipo nilipompenda fundi huyu. Aliiweka probu kubwa pembeni akachukua ile ndogo bapa, ya mawimbi yanayotetemeka haraka zaidi, isiyoona mbali ila huona kwa makini. Akaipitisha juu ya ukingo wa ini, polepole, kama mtu anayepapasa ubao uliopigwa randa. Ini la mafuta lina ngozi laini na ncha butu. Lenye makovu yaliyokomaa huwa na vinundu. Kisha akapima upana wa mshipa mkuu unaoingia ini, milimita kwa milimita, na urefu wa bandama, kwa sababu ini likikakamaa damu hurudi nyuma na bandama huvimba. Ziko mashine zinazopima ukakamavu wenyewe na kutoa namba. Nazo ni nzuri, ingawa mgonjwa aliyetoka kula anaweza kuzidanganya.

Karibu na kifuko cha nyongo akasimama. Doa jeusi. Mimi moyo ulinipasuka, maana mwenye virusi vya B huchunguzwa kila baada ya miezi 6 kwa hofu ya saratani. Yeye akaliangalia doa kwa pembe mbili, tatu. Mishipa ilipita katikati yake imenyooka, bila kusukumwa wala kupindwa. "Hapa mafuta yameruka," akaniambia kwa sauti ya chini. Kisehemu cha ini kisicho na mafuta kilichobaki katikati ya weupe hufanana na uvimbe kwa asiyezoea. Uvimbe husukuma mishipa. Hata hivyo, alilipima na kulinakili, ili atakayemchunguza tena alikute lilivyo.

Waswahili husema maneno fulani yanakata maini, na nadhani huku Ukambani msemo huo una haki ya kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka 1981 watu wa Machakos waliugua ini kwa mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Waliochunguza mkasa wa 2004 walikuta kwamba kuwa na virusi vya homa ya ini B kulihusiana na kupatwa na sumu ile. Kwa hiyo fundi wa hapa haulizi juu ya kisukari, uzito na pombe tu. Alimuuliza mama anahifadhi wapi mahindi.

Ufundi wenyewe wa altrasaundi una asili isiyo ya hospitalini. Ian Donald, daktari wa Glasgow, aliyeuweka mbele ya dunia mwaka 1958, alianza kwa mashine ya viwandani ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Ni kugonga na kusikiliza, kama anayechagua tikiti sokoni, ila sauti hii hutetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde na hakuna sikio linaloidaka.

Mama akaomba kuona. Kijana akamgeuzia kioo. "Hii ni figo, mwaitu. Hili ni ini. Unaona lipi jeupe?"

Mama akakodoa macho. "Hili la juu."

"Hilo hilo. Lakini ukingo wake bado ni laini."

Akampangusa jeli kwa karatasi, akamshika mkono ashuke. Kisha, kabla ya kuita jina lililofuata, akavirudisha vitelezi vyote vya mwangaza katikati, kimoja kimoja.