Mafundi wa Picha za Kioo

Kioo si mzigo wa safari. Kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, sehemu kubwa ya bidhaa za pwani ilifika Ujiji kichwani na begani mwa wapagazi, mwendo wa miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo, kupitia Tabora, kisha mto Malagarasi ukavukwa kwa mitumbwi ya Wavinza baada ya hongo, yaani ushuru wa njia, kulipwa. Ni mto huuhuu unaopita hapa Ilagala, mkoani Kigoma, ukielekea Ziwa Tanganyika. Mtu aliyetaka kupiga picha bara katika miaka ya 1880 na 1890 alibeba vioo vya kunasia picha: dazeni moja ya sentimita 13 kwa 18 ina uzito wa kilo moja na ushei, kabla hujahesabu kamera ya mbao, miguu yake mitatu, mabeseni na chupa za dawa. Vikishapigwa, kazi ilikuwa kuvirudisha vikiwa vizima.

Vingine vilirudi. Kuanzia 1898 hadi 1900 msafara wa kisayansi wa Mbelgiji Charles Lemaire ulipita Tanganyika na Katanga, na mpiga picha wake alikuwa François Michel. Ziwa halikuwapokea kwa upole: Agosti 1898 mwanajiolojia wao, Jean De Windt, alizama humu. Vioo vya Michel leo vimo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Lakini Michel alikuwa mpita njia. Wanaonivutia zaidi ni waliofanya kazi hii kwetu mwaka baada ya mwaka, na hapo lazima twende Unguja. A.C. Gomes, Mgoa, alifungua studio yake huko mwishoni mwa miaka ya 1860. Mwanawe akairithi, ikadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kijana Ranchhod Oza alifanya kazi humo kabla ya kufungua duka lake mwenyewe, Capital Art Studio, mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaliendeleza. Kamba ya ufundi inayounganisha vizazi namna hiyo ni adimu katika kazi yoyote, sembuse kazi inayoharibiwa na joto, chumvi na unyevu wa pwani kila siku ya Mungu.

Joto ndilo lililowapima. Picha ya kioo imo katika utando mwembamba wa gelatini, ambayo hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, uliochanganywa na chumvi za fedha. Fedha hushika mwanga, gelatini huishikilia fedha. Sasa, gelatini hulainika katika maji ya vuguvugu. Dawa ya kusafishia ikizidi nyuzi 24 hivi, utando huanza kujikunja kingoni, kisha huteleza wote kutoka kwenye kioo, na sura ya bwana harusi ikaenda na maji. Katika nchi ambayo maji ya kisima yenyewe yana joto hilo adhuhuri, fundi alilazimika kuwa na hila: asafishe usiku au alfajiri, apoze maji kwenye mitungi, aloweke kioo katika maji ya shabu ili gelatini igande. Haya yote kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, anakisia kwa jicho ni lini weusi umetosha. Hakuna kurudia. Mteja keshaondoka, pengine keshapanda jahazi.

Tena kioo hakikuona kama sisi. Vioo vya kwanza vya aina hiyo viliiona buluu kwa wepesi, nyekundu karibu visiione kabisa. Mbingu ilitoka nyeupe tupu, pambo jekundu la leso likatoka jeusi, na uso wa mtu mweusi, ambao una wekundu na manjano ndani yake, ulielekea kuzama ukawa kivuli. Fundi mzembe aliuacha uzame. Fundi mzuri aliongeza muda wa kufungua lenzi, akavuta pazia la dirisha ili mwanga uje wa upande, akamkabidhi mteja kazi yake naye: kutulia. Ukitazama picha nzuri za Unguja za mwisho wa karne ya 19, unaona kwenye shavu la mama wa Kiswahili mwanga unavyopanda taratibu hadi kwenye kipini cha pua. Mtu aliamua hivyo, kwa kuhesabu sekunde moyoni. Kwangu mimi hiyo ni heshima iliyotendwa kwa mikono.

Kisha kalamu. Kioo kikikauka, fundi alikisimamisha dhidi ya mwanga na kuondoa makovu ya ndui au mikunjo kwa ncha ya penseli, nukta kwa nukta, juu ya uso mdogo kuliko kidole gumba. Yale maandishi meupe unayoyaona chini ya picha za zamani za kuuza, jina la mahali na namba, yaliandikwa kwa wino kwenye upande wa utando, kinyumenyume, ili yasomeke sawasawa kwenye karatasi. Na kwa kuwa karatasi ililazwa juu ya kioo chenyewe na kuanikwa juani, picha ilitoka na ukubwa uleule wa kioo, bila kukuzwa. Ndiyo sababu unaweza kuhesabu misumari ya mlango mkubwa wa nakshi kwa nyuma.

Naye Walther Dobbertin, Mjerumani aliyeifanya kazi hii mwaka baada ya mwaka katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki hadi Vita Kuu ya Kwanza, alipiga picha za askari, masoko na mashamba. Jicho lake lilikuwa la watawala, nami silisahau hilo nikilitazama. Mkusanyiko wake uko katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani, na tangu Desemba 2008 nyingi za picha hizo zinaonekana bure kwenye intaneti. Kijana wa Ilagala mwenye simu anaweza kuzifungua leo.

Vioo vilivyo huko vina watunzaji. Wasiwasi wangu ni kwa vilivyo majumbani, Ujiji hasa, ambako koo nyingi zina ndugu Unguja na Manyema tangu siku za misafara. Ukikuta kioo chenye sura ya watu ndani ya kasha la bibi, usikioshe wala kukifuta: upande usiong'aa ndio picha yenyewe. Kishike kingoni. Kifunge kwa karatasi safi, kisimamishe kwa ubavu wake mrefu, usikilaze chini ya vingine. Kikiwa kimevunjika, tunza kila kipande peke yake, wala usibandike gundi. Andika majina ya waliomo maadamu yupo mzee anayewajua, kisha wasiliana na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam au Unguja, kabla hujamuuzia mpita njia.